Uzi maalumu: Malengo ya miaka mitano ya SACCOS, kwa nini yanabaki kwenye kabrasha na namna ya kuyapanga yatekelezeke

Mizania_Safi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Vyama vingi vya akiba na mikopo vina mpango mkakati. Umepitishwa na mkutano mkuu, una dira, dhamira, tunu, na jedwali la malengo kumi na nane. Ukifika mwaka wa tatu ukauliza lengo namba saba limefikia wapi, hakuna anayejua bila kwenda kulitafuta. Uzi huu ni kwa wajumbe wa bodi, mameneja na wahasibu wanaokaribia kuandika mpango mpya.

Nitashikilia hoja moja: lengo la muda mrefu ni uamuzi wa kuacha kitu. Kama hakuna yeyote atakayekosa chochote kwa sababu ya lengo hilo, hapo hakuna lengo, kuna tamko tu. Na njia ya kujua ni hesabu, inayofanywa kabla ya kupiga kura.

Tuchukue chama cha mfano, cha wafanyakazi, wanachama 800, marejesho kwa makato ya mshahara. Namba nimezitunga kwa ajili ya hesabu, zote kwa milioni za shilingi:

Mali zote 2,000, ndani yake mikopo iliyo kwa wanachama 1,500. Upande wa pili: akiba na amana 1,300, mkopo wa benki 400, hisa 210, mtaji wa taasisi 90. Mtaji wa taasisi ni akiba ya lazima ya chama pamoja na ziada ambayo haikugawiwa, yaani fedha ambayo hakuna mwanachama anayeweza kuja dirishani kuidai. Ndiyo inayobeba hasara mambo yakiharibika. Ziada ya mwaka ni 40, nusu inagawiwa.

Bodi inakaa siku mbili, inatoka na malengo matatu:
1. Mali zikue kwa asilimia 12 kila mwaka.
2. Mtaji wa taasisi ufike asilimia 10 ya mali mwishoni mwa mwaka wa tano.
3. Gawio lisipungue.

Kila moja likisomwa peke yake linapigiwa makofi. Sasa yaweke pamoja. Mali za 2,000 zikikua kwa asilimia 12 kwa miaka mitano zinakuwa 3,525. Asilimia 10 yake ni 352. Unazo 90, zinapungua 262, sawa na 52 kila mwaka ya kubaki ndani ya chama. Leo inabaki 20. Hata ziada ikikua sambamba na mali, baada ya miaka mitano mtaji utakuwa 232 hivi, ambayo ni asilimia 6.6. Malengo hayo matatu hayakai chumba kimoja. Bodi imepitisha mpango ambao umeshashindwa siku ya kupitishwa, na itachukua miaka mitatu mtu kugundua.

Sasa jaribu kuacha kitu. Punguza ukuaji uwe asilimia 6: mali zitafika 2,676. Gawio liwe robo ya ziada badala ya nusu. Ziada ikikua kwa asilimia 6 hiyo hiyo, kiasi kinachobaki ni 31.8 mwaka wa kwanza, kinapanda hadi 40.1 mwaka wa tano, jumla 179. Ongeza 90 za mwanzo, unapata 269, yaani asilimia 10 na chembe. Lengo linafikika.

Gharama yake iko wazi: gawio la mwaka wa kwanza linashuka kutoka milioni 20 hadi 10.6, yaani kutoka asilimia 9.5 ya hisa hadi 5. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka mkutano mkuu. Wanachama wakiikataa, wamekataa lengo la mtaji, na ni afadhali ijulikane siku hiyo.

Karibuni kwa michango, hasa wenye uzoefu wa hesabu na ukaguzi.

---

KalamuYaMhasibu

Mkuu, hesabu yako imekaa sawa ila umeanza katikati. Hujasema chochote juu ya ubora wa hiyo mikopo 1,500. Takwimu ya kuanzia ikiwa na kasoro, malengo yote yanayofuata yanarithi kasoro hiyo.

Tuongeze kitu kimoja kwenye mfano wako. Tuseme mikopo yenye marejesho yaliyochelewa zaidi ya mwezi ni 180, sawa na asilimia 12. Kati ya hiyo, 70 imepita miezi 12. Na chama hakijaweka tengo, yaani fedha ya kufidia hasara ya mikopo, kwa sababu "wanachama ni wafanyakazi, watalipa tu".

Kipimo cha PEARLS cha Baraza la Dunia la Vyama vya Akiba na Mikopo kinataka tengo la asilimia 100 kwa mikopo iliyochelewa zaidi ya miezi 12, na asilimia 35 kwa iliyo kati ya mwezi 1 na miezi 12. Piga: 70 nzima, jumlisha asilimia 35 ya 110, ambayo ni 38.5. Jumla 108.5.

Mtaji wa taasisi uliokuwa ukijivunia ni 90. Toa 108.5. Chama kiko hasi 18.5.

Kwa hiyo chama hakianzi kwenye asilimia 4.5. Kinaanza chini ya sifuri, na lile gawio la milioni 20 la mwaka jana lilitoka kwenye ziada ambayo kimsingi haikuwepo. Kabla ya kuandika lengo lolote, chukua mizania iliyokaguliwa, fanya masahihisho haya kwenye karatasi ya pembeni, ndipo uite hiyo mwanzo wa mpango.

---

Mizania_Safi

> Chama kiko hasi 18.5.

Nakubali kabisa, na nashukuru, maana hapa ndipo mipango mingi inapoharibikia. Nirudie hesabu kwa mwanzo huo.

Mali halisi sasa ni 1,891.5. Mwaka wa kwanza na wa pili mali zisikue kabisa. Gawio lisitolewe, 40 yote ibaki: miaka miwili, 80. Kazi kubwa iwe kukusanya madeni. Tuseme mikopo irejeshwe kiasi cha kuachilia nusu ya lile tengo, yaani 54. Kutoka hasi 18.5, ongeza 80, ongeza 54: mwisho wa mwaka wa pili mtaji ni 115.5, karibu asilimia 6.1 ya mali. Mwaka wa tatu hadi wa tano mali zikue kwa asilimia 6, zifike 2,253, na robo tatu ya ziada ibaki, 30 kila mwaka. Mwisho wa mpango ni 205.5, asilimia 9.1.

Haikufika 10. Sawa. Andika asilimia 9 kwa mwaka wa tano na 10 kwa mwaka wa sita, kuliko kuandika 10 kwa sababu ni namba ya mviringo. Na haya yote yanashikilia sharti moja: mikopo mipya isichelewe, kwa sababu kila tengo jipya linakula ile 40.

Tazameni mpangilio ulivyobadilika. Mpango wa kwanza ulikuwa wa kukua. Huu ni wa kupona kwa miaka miwili, kisha kukua. Chama ni kile kile, bodi ile ile, kilichotofautisha ni mstari mmoja wa tengo.

---

Mvita_Hesabu

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu Kenya hesabu hizi hazijaachiwa bodi iamue kama inataka. Sacco zinazopokea amana ziko chini ya SASRA, mamlaka inayodhibiti sacco, kwa Sheria ya Sacco ya 2008, na kanuni za 2010 zimeweka viwango: mtaji wa msingi, yaani hisa pamoja na mtaji wa taasisi, usipungue shilingi milioni 10, uwe angalau asilimia 10 ya mali na asilimia 8 ya amana; mtaji wa taasisi angalau asilimia 8 ya mali; ukwasi, yaani fedha iliyo tayari kulipia madai, asilimia 15; na mikopo ya nje isizidi asilimia 25 ya mali. Tengo nalo lina ngazi: mkopo unaolipwa vizuri asilimia 1, wa kuangaliwa 5, ulioanza kuharibika 25, wenye mashaka 50, wa hasara 100. Mkopo uliochelewa zaidi ya siku 360 unahesabiwa hasara.

Nasema haya kwa sababu moja ya kimpango. Kiwango cha mdhibiti ni sakafu. Mipango mingi huandika sakafu kama lengo: "kufikisha mtaji wa taasisi asilimia 8 ifikapo mwaka wa tano." Ukishafika 8 kamili, mwanachama mmoja mkubwa akishindwa kulipa unashuka chini ya sheria. Mjadala wa bodi uwe ni nafasi kiasi gani tunataka juu ya sakafu, na kwa nini. Sacco ya mwajiri mmoja inahitaji nafasi kubwa kuliko ya waajiri ishirini, maana mwajiri mmoja akikwama mishahara, marejesho yote yanasimama mwezi mmoja.

---

Binti_Ushirika

Kwa upande wa Tanzania, SACCOS ziko daraja la tatu la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, chini ya usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na bado Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inazihusu. Kwa hiyo mpango mkakati hausimami peke yake. Kuna nyaraka mbili za kila mwaka ambazo lazima zizungumze nao: makisio ya mapato na matumizi, na ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa. Hapo ndipo mimi huwa naangalia kwanza nikipewa mpango wa chama kuupitia.

Ukomo wa madeni unasema mengi. Mpango unasema "kupunguza utegemezi wa mikopo ya benki", halafu ukomo unaoombwa mwaka huu ni mkubwa kuliko wa mwaka jana. Basi jibu limeshapatikana, lengo halipo.

Na makisio: chukua kila lengo, tafuta mstari wake kwenye makisio. Lengo la kukusanya madeni lazima lionekane kama nauli na posho ya wafuatiliaji, barua za madai, ada ya wakili, muda wa mtumishi. Lengo la kuhamia mfumo wa kompyuta lazima lionekane kama ununuzi, mafunzo, na kuendesha mfumo wa zamani na mpya pamoja kwa angalau miezi mitatu. Lengo lisilo na mstari kwenye makisio ya mwaka wa kwanza huwa halina mstari mwaka wa pili pia.

---

Mjumbe_Mpya

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza mawili. Moja, malengo yanatakiwa kuwa mangapi? Pili, nasikia kuna malengo na kuna viashiria, tofauti yake ni nini hasa? Kwenye kabrasha letu vimechanganywa.

---

Mizania_Safi

Marahaba. Idadi: matatu hadi matano kwa chama cha ukubwa huu. Sababu ni muda wa bodi. Bodi inayokutana kila robo mwaka kwa saa tatu au nne, ukitoa muhtasari, yatokanayo, maombi ya wanachama na mengineyo, inabakiwa na saa moja ya mkakati. Malengo kumi na nane kwa saa moja ni kama dakika tatu kwa lengo. Hayajadiliwi, yanasomwa tu.

Kuhusu la pili, lengo ni hali unayotaka kuifikia: "chama kiwe na mtaji wake unaoweza kubeba hasara." Kiashiria ni kipimo cha hali hiyo: mtaji wa taasisi kama asilimia ya mali. Shabaha ni namba na tarehe: asilimia 9 ifikapo 31 Desemba ya mwaka wa tano. Mkakati ni njia: kusimamisha gawio miaka miwili, kukusanya madeni. Ukiona kwenye kabrasha imeandikwa "Lengo: kuendesha semina nne kwa wanachama", hiyo ni kazi, imepandishwa cheo. Semina nne zinaweza kufanyika zote na mikopo ikaendelea kuharibika.

Halafu viashiria vyenyewe ni vya aina mbili. Kuna vinavyokuambia yaliyokwisha kutokea, kama mtaji na ziada. Hivyo unavijua hesabu zikifungwa. Kuna vinavyotangulia, vinavyoonyesha yanayokuja: marejesho yaliyochelewa siku 1 hadi 30, siku ambazo mwajiri anachukua kuleta makato, asilimia ya mikopo mipya iliyovunja kanuni ya mkopaji kubaki na angalau theluthi ya mshahara wake. Kila lengo la miaka mitano lipewe angalau kiashiria kimoja kinachotangulia, kinachopatikana kila mwezi. Bila hicho, mwaka mzima mnaendesha chama kwa hesabu za mwaka uliopita.

---

KalamuYaMhasibu

Nimwongezee mjumbe: kila kiashiria kiandikiwe kadi yake, ukurasa mmoja, kabla mpango haujapitishwa. Ubishi mwingi wa bodi unatokana na watu wawili kupima kitu kimoja kwa njia mbili. Huu ni mfano wa kadi:

*Kiashiria:* Mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30.
*Kinavyohesabiwa:* Salio lote la kila mkopo wenye rejesho lolote lililochelewa zaidi ya siku 30, gawanya kwa salio la mikopo yote.
*Chanzo:* Ripoti ya umri wa mikopo kutoka kwenye mfumo, siku ya mwisho ya mwezi.
*Anayehesabu:* Mhasibu, kabla ya tarehe 5.
*Anayewajibika:* Meneja.
*Mwanzo:* asilimia 12.
*Shabaha:* mwaka 1 asilimia 10. Mwaka 2, 8. Mwaka 3, 6. Mwaka 4 na 5, zisizidi 5.
*Kengele:* Ikipanda miezi miwili mfululizo, mkopo wa dharura na mkopo juu ya mkopo visimamishwe hadi bodi ikae.
*Kiashiria pacha:* Mikopo iliyoandikwa upya, kama asilimia ya mikopo yote.

Mambo mawili hapo yanahitaji kukaziwa.

La kwanza ni neno "salio lote". Mwanachama ana salio la Sh 6,000,000, amekosa marejesho mawili ya Sh 250,000. Chama kimoja kitaandika kilichochelewa ni 500,000. Kingine kitaandika 6,000,000. Kiasi kilicho hatarini ni milioni sita, kwa sababu aliyekosa mara mbili ana dalili ya kukosa yaliyobaki. Chama kinachohesabu marejesho tu kitaona ubovu wa asilimia 1 mahali ambapo upo wa 12. Meneja akibadilika, mpya akaleta hesabu sahihi, ataonekana ameharibu chama kwa mwezi mmoja.

La pili ni hicho kiashiria pacha. Ukimwambia afisa mikopo kwamba atapimwa kwa mikopo iliyochelewa, atapata njia ya mkato siku hiyo hiyo: anamwandikia mdaiwa mkopo mpya unaofuta ule wa zamani. Ripoti inasafika, deni limekua. Hiyo ndiyo sababu vyama vingine vina ubovu wa asilimia 3 miaka minne, kisha wa tano inaruka 20. Namba hizi mbili zikae mstari mmoja kwenye ripoti: ubovu umeshuka kutoka 12 hadi 8, mikopo iliyoandikwa upya imepanda kutoka 4 hadi 11. Kila mjumbe ataelewa kilichofanyika bila kuwa mhasibu.

---

Mvita_Hesabu

Hapo kwa "anayewajibika" nina neno. Wengi wanaijua ile kanuni ya SMART ya malengo, ambayo kila herufi ni sifa ya lengo zuri, iliyoandikwa na George Doran mwaka 1981. Siku hizi herufi A hufundishwa kama "linalofikika". Yeye Doran aliiandika kwa maana ya kwamba lengo liwe na mtu wa kukabidhiwa. Maana hiyo imepotea njiani, na ndiyo iliyokuwa na faida zaidi.

Na mtu huyo awe na uwezo wa kulitekeleza. Chukueni makato ya mwajiri kuchelewa. Mipango mingi humkabidhi afisa mikopo. Afisa mikopo ataandika barua ya tatu, ya nne, na mkuu wa fedha wa mwajiri hatamjibu. Hilo ni la mwenyekiti wa bodi, anayeweza kuomba miadi na mkurugenzi na kuingia na takwimu: makato ya mwezi fulani yalikatwa tarehe 25, yamefika kwetu siku 47 baadaye, riba tuliyolipa benki kwa pengo hilo ni kiasi hiki. Kiashiria: siku kati ya mshahara kulipwa na fedha kuingia kwenye akaunti ya chama. Shabaha: siku 7. Mhusika: mwenyekiti.

Majina mawili kwenye nafasi moja pia ni kosa. "Bodi na menejimenti" ikiandikwa hapo, hakuna aliyekabidhiwa.

---

Katibu_Bodi

Nichangie upande wa vikao, kwa sababu mpango unakufa kwenye ajenda.

Mahali ambapo malengo hukaa kwa kawaida ni ndani ya "Taarifa ya Meneja", ukurasa wa tisa. Yatoe huko. Yawe ajenda inayojitegemea, mara tu baada ya yatokanayo, wakati watu bado wana nguvu na hawajaanza kutazama saa. Karatasi ya ajenda hiyo iwe ukurasa mmoja: safu ya malengo, mwanzo, shabaha ya robo hii, hali halisi, na sentensi mbili za sababu. Itumwe siku saba kabla.

Kila robo: tuko wapi, nini kimetuzuia, nani anafanya nini kabla ya kikao kijacho. Uamuzi uingie kwenye muhtasari kwa jina na tarehe, ili kikao kijacho uibuke kwenye yatokanayo. Hilo la yatokanayo ni chombo chenye nguvu tulicho nacho tayari na hatukitumii. Jambo likishaingia humo haliwezi kusahaulika kimya kimya, mtu lazima alisemee.

Kila mwaka, kabla ya kuandaa makisio na si baada yake: je, yale tuliyoyadhania bado yapo? Andikeni dhana zenu mwanzoni mwa mpango, tano au sita tu. Kwa mfano wa mwanzisha uzi: riba ya benki haizidi kiasi fulani, mwajiri haondoi watumishi zaidi ya idadi fulani, wanachama wapya ni angalau wangapi kwa mwaka. Dhana ikivunjika, mna sababu ya kufungua shabaha.

---

Mjumbe_Mpya

Nimeelewa, asanteni. Sasa shabaha inabadilishwa lini? Maana nisije nikaonekana nang'ang'ania namba ambayo haifikiki tena, au nikabadilisha kila tukichelewa.

---

Katibu_Bodi

Jiulize swali moja: kilichobadilika ni dhana au ni juhudi? Mwajiri amefunga kituo na kuondoa wanachama 150, dhana imevunjika; badilisha shabaha, andika sababu, peleka mkutano mkuu. Ufuatiliaji wa madeni haukufanyika kwa sababu fedha yake ilihamishiwa kwenye ukarabati wa ofisi, hakuna dhana iliyovunjika. Shabaha ibaki, mstari uonekane mwekundu, na bodi ieleze ilivyohamisha hiyo fedha.

Na ukibadilisha, usifute ya zamani. Jedwali libaki na safu mbili: shabaha ya awali na shabaha iliyorekebishwa, na tarehe ya uamuzi. Jedwali linaloonyesha shabaha mpya peke yake linafanya kila mwaka uonekane wa mafanikio.

---

Binti_Ushirika

Naomba nisimame hapo kwenye bodi kubadilika. Mpango ni wa miaka mitano, uchaguzi hauungoji uishe. Wajumbe wapya wanaingia katikati, wengine wamechaguliwa kwa ahadi ya kurudisha gawio. Wakikuta mpango unaosema "hakuna gawio miaka miwili" bila ile hesabu iliyouzaa, wataufuta kikao cha kwanza, na kwa waliyo nayo mkononi watakuwa na haki.

Kwa hiyo pamoja na mpango, tunza karatasi ya hesabu yenyewe: mizania ya mwanzo, tengo lilivyokokotolewa, jedwali la miaka mitano, na zile njia mbili zilizokataliwa na sababu zake. Kurasa tatu zinatosha. Mjumbe mpya apewe hizo siku ya kwanza, akae na mhasibu saa moja, aruhusiwe kubadilisha namba kwenye kompyuta aone kinachotokea. Akiweka gawio la nusu ya ziada ataona mwenyewe mtaji unavyoganda.

Na kwa wanachama hivyo hivyo. Msipeleke mkutano mkuu kitabu cha kurasa 60. Pelekeni swali: "Mwaka huu na ujao hakuna gawio, ili mkopo wa mwanachama aliyeshindwa kulipa usilipwe na akiba ya mwanachama mwenzake. Mnakubali?" Wanachama wanaulizia mambo ya maana sana wakipewa kitu kinachoeleweka. Swali litakalofuata, jiandaeni nalo, ni: "Hao wanaodaiwa ni nani, na wajumbe wa bodi wamo?"

---

KalamuYaMhasibu

Swali hilo dada umelitaja vizuri, na lina jibu la kimpango. Weka mikopo ya viongozi na watumishi iliyochelewa kama mstari wake kwenye ile ripoti ya ukurasa mmoja, bila majina, kwa kiasi na idadi. Shabaha yake ni sifuri kuanzia robo ya kwanza. Inapimwa na kamati ya usimamizi, siyo menejimenti, kwa sababu afisa mikopo hawezi kumdai anayemwajiri. Vyama vinavyoanza na mstari huu vinapata urahisi wa kukusanya yaliyobaki, maana mdaiwa wa kawaida anaacha kuuliza mbona fulani hajalipa.

---

Mizania_Safi

Nimeyachukua yote. Nimalizie kwa ratiba, kwa chama kinachofunga mwaka 31 Desemba na kinataka mpango uanze Januari.

Aprili na Mei: hesabu zilizokaguliwa na COASCO (shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika Tanzania) au mkaguzi mwingine aliyeidhinishwa zikishatoka, mhasibu anafanya masahihisho ya tengo na kuandaa mizania ya mwanzo. Wiki tatu zinatosha kama ripoti ya umri wa mikopo ipo. Kama haipo, hiyo ndiyo kazi ya kwanza na inaweza kula miezi miwili.

Juni: bodi na menejimenti wanakaa siku mbili. Siku ya kwanza namba tu, hakuna kuandika dira. Siku ya pili kuchagua malengo, na kwa kila moja kuandika tunachoacha.

Julai: jedwali la miaka mitano linajaribiwa kwa hali mbili mbaya: marejesho yasimame miezi miwili, na wanachama asilimia 15 wajitoe na kudai akiba zao. Kwa chama cha mfano, akiba na amana ni 1,300, asilimia 15 ni 195. Je, fedha taslimu na zilizo benki zinafika 195? Kama hazifiki, lengo la ukwasi limepatikana lenyewe bila semina.

Agosti: kadi za viashiria. Septemba: mstari kwa mstari na rasimu ya makisio. Oktoba: rasimu kwa wanachama kupitia wawakilishi wa matawi. Kisha mkutano mkuu, mpango na makisio na ukomo wa madeni vikipelekwa siku moja, ndani ya kabrasha moja, ili mwanachama akifungua ukurasa wa makisio aweze kunyoosha kidole kwenye mstari na kuuliza huu ni wa lengo lipi.

Mwenye jedwali la kadi za viashiria kwa chama cha wakulima, ambako marejesho yanafuata msimu wa mavuno na si mshahara, alete hapa tulichambue. Kule siku 30 za kuchelewa zina maana tofauti kabisa.